Asubuhi Niliyokataa Kukujibu Salamu

Mpendwa abti, mjomba wangu,

Sijui karatasi hii itakukuta upande gani wa mpaka. Dereva wa lori la mbuzi anasema alikuacha kwenye visima vya ng'ambo, lakini anasema pia siku aliyoondoka mvua ilikuwa inanyesha upande wa pili, na mimi nakujua, ukinusa mvua hulali. Kwa hivyo naiandika wazi, bahasha sifungi. Atakayeibeba aisome. Akichoka kuibeba, akusimulie kwa mdomo, ni sawa tu. Na naiandika kwa Kiswahili kwa sababu wewe na mimi kwenye redio tuliongea Kiswahili, sheria ya lile shirika la misaada, ili kila kituo kielewe kila kituo. Nikikuandikia kwa Kisomali nitahisi kama namwandikia mtu mwingine.

Leo nina furaha, abti, ndio maana maneno yanakimbia. Nivumilie, nianze mbali kidogo.

Unakumbuka siku tulipoleta redio kwenu Hulugho? Mimi nilikaa nyuma ya gari la shirika juu ya marobota ya waya, vumbi mpaka kwenye meno, mafundi wawili wa Nairobi wako mbele wanabishana. Mimi sikuwa fundi wa cheti. Redio nilijifunza kwa kuziharibu. Ile ya Hooyo, mama yangu na dada yako, niliifungua nikiwa darasa la tano. Ikanyamaza, na Hooyo naye akaninyamazia mpaka nilipoirudishia sauti. Baada ya hapo bulla nzima, mtaa wote, wakawa wananiletea redio zao zilizokufa, na shirika lilipotafuta mtu wa kukaa kwenye redio ya ofisi ya Garissa, mtu anayejua Kisomali na Kiswahili na haogopi waya, jirani mmoja akanitaja.

Mafundi walivuta antena, waya mrefu kati ya miti miwili ya miiba, wakaweka sola juu ya paa lako, na ndani ya nyumba, kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, redio na betri ya gari. Wazee wa Hulugho walikuwa wamekuchagua wewe ushike ufunguo kwa sababu Kiswahili ulikuwa nacho, ulikiokota miaka ile ya kupeleka ng'ombe Mombasa. Kabla hawajaipandisha ukaizunguka ile sola kama mtu anayetaka kununua ngamia na haamini meno yake.

"Hii inakula nini?" ukaniuliza.

"Jua, abti. Inakula jua, inaweka kwenye betri."

"Na mawingu yakikaa?"

"Inakonda."

"Na nikiongea sana?"

"Inakonda haraka zaidi. Kusikiliza inakula kidogo. Kuongea ndiyo inamaliza."

"Kumbe ni mnyama," ukasema. "Mnyama ninajua kufuga."

Na kweli ulijua kuifuga. Zamani habari za Hulugho zilifika Garissa na lori, na lori lilifika likijisikia, kwa hivyo tulipoambiwa mbuzi wanaumwa, mbuzi walikuwa wamekwisha kuwa ngozi. Mwaka ule wa kwanza wa redio ulituambia asubuhi moja kwamba mbuzi wa Hulugho wanakohoa, na dawa ilifika wakiwa bado wanakohoa. Bwana Mutua, mkuu wetu wa ofisi, Mkamba mpole asiyeinua sauti hata akikanyagwa, alirudia hiyo habari kwa kila mgeni aliyetutembelea. "Bado wanakohoa," alikuwa anawaambia, kidole juu. Wageni walidhani ni habari mbaya.

Lakini salamu zako, abti.

Zamu ya asubuhi vituo vyote vilikuwa hewani pamoja, Wajir, Mandera, Bura, wewe, na mimi Garissa katikati nikiwaita mmoja mmoja. Anachosema mmoja wanasikia wote. Ilipofika zamu yako nilikuwa navuta kiti karibu, namimina chai kabisa.

"Garissa, Garissa, hii ni Hulugho. Unanibata, abti? Ofa."

"Nakupata vizuri, abti. Ova."

Bwana Mutua alizoea P yako inayogeuka B, na ile ova ya kumaliza zamu inayogeuka ofa, lakini hakuacha kuchekeshwa na hilo abti. Nani mjomba hapa, nani mpwa, mbona wote mnaitana abti? Nikamwambia ndivyo ilivyo kwetu, jina moja linaenda na kurudi. Akasema basi angalau linaokoa betri. Kumbe wewe ulichookoa kwenye jina ulikimaliza kwenye salamu. Ulianza na mimi, nimelalaje. Ukaja kwa Hooyo, goti lake. Ukaja kwa mbuzi wa Hooyo. Ukaja kwa yule jirani aliyeumwa jicho, halafu kwa mto. Ndiyo, ulisalimia mpaka mto Tana, "mto umeamka aje?" Ndipo ukasema, "Habiba anakusalimia," dada yangu Habiba ambaye ameolewa kwenu huko. Halafu, mwisho kabisa, ndiyo habari yenyewe.

Mzee Adan wa Wajir alikuwa anakuingilia: "Hulugho, umebakisha paka tu."

Na wewe: "Baka wa Wajir jina lake nani, nimsalimie?"

Nilikuwa nacheka peke yangu pale dirishani kama mwenda wazimu. Na sikuona shida yoyote. Hivyo ndivyo tumelelewa. Kwetu mtu hafiki mahali akatapika habari mbaya mlangoni. Hata aliyetoka kuzika, ukimuuliza, kwanza anakwambia nabad, amani tu, anakaa, anapewa chai, anauliza mifugo yako, halafu taratibu anaweka neno chini. Ni heshima. Inampa anayesikia muda wa kukaa chini kabla hajaangushwa.

Halafu ikaja mvua.

Hiyo mvua huhitaji nikuelezee, ilikupata na ikanipata. Tana iliacha njia yake ikaingia mashambani. Barabara ilikatika upande wa Bura, malori yakabaki yamezama mpaka milango, Garissa tukawa kama kisiwa. Simu ya posta ikafa. Kilichobaki ni redio na ndege moja ndogo ya shirika. Kila asubuhi Bwana Mutua na rubani walisimama nyuma ya kiti changu wanasikiliza vituo, na mwenye shida kubwa kuliko wote siku hiyo ndiye anapata ndege. Ilikuwa hivyo tu. Ukisema, inakuja. Usiposema, inaenda kwa mwingine.

Na mawingu yalikaa, abti, yalikaa kama wageni. Sola yako ikakonda. Nilisikia sauti yako inashuka kila siku, ikawa kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi. Nilikuambia, abti, punguza maneno, betri yako inakufa. Ukasema ndio, ndio. Halafu ukauliza goti la Hooyo.

Habiba alikuwa na mimba yake ya kwanza, karibu kujifungua. Mume wake alikuwa ameenda na ngamia kabla ya mvua na maji yakamfungia huko, kwa hivyo Habiba alikuwa kwako. Hooyo alikuwa anajua hilo na ndilo lililokuwa linampa usingizi. "Yuko kwa kaka yangu," alikuwa anasema, anafunga mada.

Asubuhi moja ukaita. Ukanisalimia, ukaulizia goti, ukaja kwa mbuzi wa Hooyo, na hapo kwa mbuzi sauti ikakatika. Niliita, niliita, kimya.

"Hulugho wako aje?" Bwana Mutua akauliza.

"Wamesalimia."

"Wamesema shida?"

"Hapana."

Ndege ikaenda Mandera na dawa za kuhara.

Kesho yake ukaita tena. Betri ilikuwa imepumzika, imepata nguvu kidogo. Ukanisalimia. Goti la Hooyo. Halafu ukarudi kwa goti tena, kama vile hukuniuliza. Mbuzi. Jirani. Sauti ikazama, ikaisha. Bwana Mutua akauliza tena kama mmesema shida, nikasema hapana. Ndege ikaenda Wajir.

Jioni hiyo nikamkuta Hooyo anamimina maziwa kwenye vibuyu vya kuuza. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Habiba amekusalimia?"

Nikafikiria. Nikasema hapana.

"Na jana?"

"Hapana. Betri ilikata."

"Ilikata kabla ya Habiba au baada ya Habiba?"

"Abti alikuwa amefika kwa jirani."

"Jirani wa jicho?" Hooyo akasimamisha maziwa hewani. "Kaka yangu ameulizia jicho la mtu hajamtaja mtoto wangu?"

Alifunga vibuyu, akaenda kusali, na alikaa kwenye mkeka muda mrefu sana. Mimi nilitoka nje nikawa natembea kutoka ukuta huu mpaka ule. Unajua nikiwa na jambo kichwani siwezi kukaa. Nilikuwa napiga hesabu ya betri. Kama imepumzika mchana na usiku, bila jua, ina nguvu ya kuongea kidogo sana, pengine chini ya jana. Wewe utaitumia kwa goti. Na hiyo ndiyo itakuwa mwisho wake, haitaamka tena mpaka jua lirudi, na jua hatukujua litarudi lini. Kuna sentensi chache zimebaki ndani ya lile sanduku lako, nikajiambia, na zote ni salamu.

Asubuhi ya tatu niliita Hulugho kwanza, kabla ya wote. Vituo vingine viko hewani vinasikiliza. Bwana Mutua na rubani nyuma yangu.

"Garissa, hii ni Hulugho. Assalamu alaikum, abti. Umelalaje? Ofa."

Nilishika kile kitufe bila kukibonyeza. Salamu ya Mungu, kutoka kwa mjomba wangu, mbele ya watu wa wilaya zote tatu. Kumjibu ni lazima, tumefundishwa hivyo tukiwa bado tunanyonya. Na nilijua nikijibu tu, goti linafuata.

Nikasema, "Abti, salamu yako sijibu. Habiba ana nini? Jibu hilo tu. Ova."

Kimya. Sio kimya cha betri, hicho nakijua. Hicho kilikuwa kimya cha watu.

Halafu Mzee Adan akaingia, sauti kali. "Garissa, huyo ni mjomba wako. Mjibu salamu yake, msichana."

"Wajir, toka kwenye laini," nikasema. Sijui nilitoa wapi huo mdomo. Rubani alikohoa.

Na wewe ukaja. Sauti ndogo, lakini ilikuja.

"Miguu imefura," ukasema. "Uso bia. Kichwa kinauma sana, macho haioni fizuri. Tangu juzi. Mkunga anaogoba. Ofa."

"Uwanja wa ndege uko aje? Ova."

"Nimebitisha ngamia na mzigo juu yake. Mguu haizami."

Hukusema ova. Betri iliondoka hapo.

Bwana Mutua alikuwa ameshachukua kofia yake. Lakini rubani alibaki amesimama. "Ngamia?" akaniuliza.

"Ngamia mwenye mzigo. Amempitisha kwenye uwanja kuona kama udongo umekauka."

"Dada, ngamia ana miguu minne mipana kama sahani. Mimi nina magurudumu matatu membamba."

"Najua," nikamwambia. "Yeye pia anajua. Angekuwa na kitu kingine angekipitisha."

Akakuna shingo. Akasema ataenda atazame kutoka juu, hakuahidi kutua. Baadaye alinisimulia kwamba alizunguka mara kadhaa, akaona alama za ngamia zimepanga mstari katikati ya uwanja, nyepesi, kama za ngamia aliyetembea kwenye unga, na akaona watu wamesimama kando yake wamenyamaza, hakuna hata mmoja anayepunga mkono. Anasema kutopunga kwao ndiko kulimfanya atue. Watu wanaopunga mkono, anasema, wanaweza kungoja kesho.

Mimi na Hooyo tulikuwa uwanjani Garissa tangu ndege iliporuka. Tuliisikia kabla hatujaiona. Walipomteremsha Habiba sikumtambua uso, abti, ulikuwa umejaa kama wa mtu mwingine, macho yametoweka humo ndani. Lakini aliponisikia alinishika kidole kimoja, hiki cha shahada, na hakukiachia mpaka mlango wa chumba cha wazazi, ambapo muuguzi alituambia mimi na Hooyo tukae nje. Ni kifafa cha mimba kilichokuwa kinapiga hodi, muuguzi akasema. Alisema pia kwamba angechelewa siku moja zaidi, halafu hakumaliza, akaingia ndani.

Barwaqo alizaliwa siku hiyohiyo kabla ya magharibi. Mdogo, mwekundu, amekasirika. Habiba alipona polepole. Niliporudi ofisini kumwambia Bwana Mutua, alikaa chini kwenye benchi la wageni na akajifuta uso na ile kofia yake.

Jua liliporudi na sola yako ikala, niliita Hulugho mapema. Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa nimeandaa salamu zote nilizokunyima, goti, mbuzi, jirani, mto, paka wa Wajir. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mwalimu wa shule.

"Abti wako ameniachia ufunguo wa sanduku," akasema. "Amekwenda kwa ngamia wake."

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu. Amekunja mkeka akaenda. Ova."

Basi, abti, kuanzia hapo nilijua umekasirika. Sikubahatisha, nilijua. Misimu ilipita, ngamia wako walionekana huku na kule, wewe hukuleta neno. Sokoni wazee walininyooshea kidole, ndiye huyu aliyekataa salamu ya mjomba wake hewani. Mzee Adan alinipa habari za Wajir kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Hooyo aliniambia kaka yake si mtu wa kuweka kinyongo, lakini na yeye alikuwa akisikia lori kutoka huko anatoka nje kutazama. Nilipokuwa naona Barwaqo anatambaa nilikuwa nafurahi, halafu katikati ya furaha linanichoma, kwamba nimempata huyu nimempoteza yule. Ningefanya tena hivyohivyo, hilo sikuwahi kulitilia shaka. Lakini lilinichoma.

Mpaka juzi. Dereva wa lori la mbuzi alikuja kwenye dirisha la redio, amevaa kikoi, meno ya kahawia, anaangalia ndani kama anatafuta mtu mkubwa kuliko mimi.

"Wewe ndiye abti?" akasema.

"Inategemea nani anauliza."

"Mzee mmoja wa ngamia. Nimekutana naye kwenye visima. Kila lori linalopita anamuuliza dereva, unafika Garissa? Wote tulikuwa tunamdanganya ndio, halafu tunaishia mpakani. Mimi nimefika." Akajikuna. "Anasema nikuambie alikuwa anangoja mtu amuulize."

Nikamwambia arudie.

"Anasema hivi. Angewezaje kutaja mwili wa mwanamke mbele ya wanaume kutoka Wajir mpaka Mandera? Kila asubuhi aliingia kwenye redio akiwa amekusudia kusema, mdomo unakataa, anarudi kwa goti la sijui nani. Anazunguka tu anangoja mtu afungue mlango. Wewe ukafungua. Anasema kila kisima anachofika anasimulia hiyo habari, na watu wanacheka."

"Kwa nini aliondoka, basi? Kwa nini hakusema kitu?"

Dereva akanitazama kama mtoto mjinga. "Nyasi ilikuwa nzuri," akasema. "Baada ya mvua kama ile? Nani angekaa kwenye nyumba?"

Abti, nilicheka mpaka Bwana Mutua akatoka ofisini. Nililaza kichwa kwenye meza ya redio nikacheka, halafu sikuwa nacheka tena, halafu nikacheka. Muda huo wote nimebeba hasira yako mgongoni, kumbe haikuwepo, kulikuwa na nyasi. Nilitembea kwenda nyumbani na miguu yangu ilikuwa kama ya mtu aliyetua mtungi wa maji. Nilimwambia Hooyo. Akasema, "Nilikuambia," akaendelea na maziwa yake, lakini jioni hiyo aliimba.

Sasa nikupe habari ya Habiba, kwa sababu hii najua dereva hakukuletea.

Baada ya ile mvua Bwana Mutua aliandikia Nairobi na wakatuma sola kubwa na betri ya pili kwa kila kituo. Ni kitu kizuri, sikatai, niliifunga ile ya Bura kwa mikono yangu mwenyewe. Pia aliweka sheria mpya hewani: shida kwanza, salamu baadaye. Tulidhani tumemaliza. Lakini siku moja nilikuwa namsimulia Habiba jinsi betri ilivyotuangusha, Barwaqo amelala kwenye paja lake, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Betri haikuniangusha," akasema. "Mimi nilikuwa nimelala nyuma ya ule ukuta wa mikeka. Nilimsikia abti asubuhi zote, neno kwa neno. Kichwa kinapasuka nasikia anauliza jicho la jirani. Na mdomo ninao, Saadia. Hakuna aliyeniambia njoo useme."

Hakuna, abti. Sio wewe, sio mkunga, sio mimi niliyekuwa nalijua lile sanduku kuliko wote. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya umeme.

Aliporudi Hulugho na mtoto alienda kwa mwalimu akaomba kitufe. Mwalimu akasema ni jambo la wazee. Wazee wakakaa, wakabishana, mmoja akasema sauti ya mwanamke kusikika Mandera si vizuri. Mkunga, yule mama mkimya, akawauliza kama maiti ya mwanamke kusikika Mandera ndiyo vizuri. Wakampa alasiri. Mwalimu asubuhi, Habiba alasiri, na Bwana Mutua alipoona hivyo akaomba kila kituo kitafute mwanamke wa alasiri. Bura walitafuta. Mandera walikawia. Miezi ya kwanza ilikuwa salamu tu na bei ya maziwa, na Mzee Adan akilalamika kwamba laini imegeuka soko.

Halafu jana, saa ya Habiba. Mwanaume amekuja kwenye nyumba yako kutoka malishoni, amesimama mlangoni, anauliza habari za mvua, habari za mtoto, habari za mwalimu. Nilikuwa hewani, namsikia kwa mbali nyuma ya sauti ya Habiba. Habiba akaniambia ningoje. Nikamsikia anamuuliza huyo mtu, "Mke wako yuko wapi?" Kumbe ameachwa nje, amekaa chini ya kivuli cha punda. Habiba akasema, "Mlete aseme yeye."

Ikaja sauti ya msichana, mdogo kuliko mimi. Hajui pa kuongelea, anapiga kelele. Hajui Kiswahili, kwa hivyo akasema kwa Kisomali, na mimi sikumzuia. Akasema amejifungua siku nne zilizopita, damu haijakata, na ana joto. Alisema hivyo hivyo. Vituo vyote viko hewani, na wanaume wamekaa kwenye nusu ya hivyo vituo, na nikangoja mtu aseme jambo. Nilikuwa tayari kwa yeyote.

Mandera akasema, "Mandera anatoka kwenye laini." Bura, ambako siku hiyo alikaa mwanaume, akasema, "Bura anatoka." Halafu Mzee Adan, na alishusha sauti sijawahi kumsikia ameishusha, akasema, "Wajir anatoka. Endelea, mama. Hakuna anayesikiliza isipokuwa wanaokusaidia."

Wakabaki wanawake watatu hewani, yule, Habiba na mimi, na muuguzi niliyemwitisha kutoka hospitali akaja mbio akavuta kiti karibu yangu. Niliita Bura tena, na gari lao lilimfikia leo asubuhi. Wamempata hai, joto limeanza kushuka, na mtoto wake ananyonya kwa jirani.

Huko uliko, abti, furahia nyasi. Usirudi kwa sababu yangu wala usikae mbali kwa sababu yangu. Ukija njia ya Hulugho utakuta kufuli la sanduku lako limetolewa, Habiba aliona halina kazi. Mungu akuwekee ngamia wako na miguu yako, na akuwekee watu wa kusimulia kwenye kila kisima. Sisi huku tumelala vizuri, wote.

Binti wa dada yako anayekupenda,

Saadia, Garissa